Mbofyo wa Pili

Mtaani walimwita Lehemu. Aliyempa jina hilo ni mzee aliyemfundisha kazi. Siku ya kwanza, alipokuwa bado msichana, alishika chuma cha kulehemu upande wa moto, akaunguza vidole, akanuna, kisha akakishika tena kabla maumivu hayajapoa. Mzee akacheka, akasema huyu akigusa kitu habanduki. Jina likamganda mpaka leo, na leo ana mvi upande mmoja wa kichwa, upande ule unaokaa karibu na taa ya kazi, watu wakimtania kwamba ni taa iliyomzeesha. Anatengeneza redio, spika, pasi, feni na chochote kile chenye waya. Simu hatengenezi. Ukimletea simu atakwambia macho yake hayajawahi kupatana na vitu vidogo namna hiyo, na usimwombe mara ya pili.

Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, na kijichumba cha nyuma ndicho kilichokuwa karakana. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani kwa karibu mno, hivyo hata jua likiwa utosini humo ndani huoni kitu bila taa. Taa yenyewe ilikuwa ya mezani, yenye shingo ndefu, na Lehemu akitoka tu huizima, hata kama ni kwenda kunywa maji. Ni tabia ya watu waliokulia kwenye kibatari, mwanga hauachwi peke yake. Tabia yake ya pili aliirithi kwa yule mzee: kifaa kikishapona hakitolewi mezani papo hapo. Kinaachwa kiimbe chenyewe, fundi aendelee na shughuli zake. Kama ni kufa kife mikononi mwako, mzee alizoea kusema, kisiende kufia kwa mwenyewe. Nazitaja tabia hizi mbili mapema kwa sababu ndizo zilizokuja kumtoa Lehemu jasho.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili lilikuwa la mama. Mlango wa mbele wa nyumba ile haukufungwa komeo. Komeo lilikuwepo, la chuma, limeota kutu hapo hapo lilipo, lakini mama hakutaka liguswe. Lehemu alilalamika mpaka akachoka. Ndani mna redio za watu, akasema, siku zikiibwa nitamlipa nani na nitamlipa nini.

"Mlango huo una mtu wake," mama alijibu kila mara, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtu mwenyewe alikuwa baba, na baba alikuwa amekufa tangu Lehemu anajifunza kuhesabu.

Aliondoka nyumbani mtoto hajaota meno, akaenda kufanya kazi machimboni, nchi ya mbali. Yeye na mkewe kalamu iliwapiga chenga wote wawili, kwa hiyo hawakuandikiana barua. Walitumiana kaseti. Tena haikuwa kaseti kila safari. Ilikuwa moja tu, ikienda na kurudi kwa madereva wa malori. Mama akizungumza, kaseti inakwenda. Baba akiisikiliza, anarudisha mkanda mpaka mwanzo na kurekodi majibu yake juu ya maneno ya mkewe. Ikifika nyumbani, mama naye anafuta ya mumewe kwa yake. Kaseti moja ilibeba ndoa nzima, na wakati wowote ilikuwa na sauti ya mmoja tu.

Baba alikuwa mtu wa aibu mbele ya mashine. Alibofya kitufe, kisha akaanza kuzungukazunguka chumbani mwake, anakohoa, anaosha kikombe, anasogeza kiti, hadi maneno yamjie. Mama alicheka akisimulia. "Barua za baba yako zilianza na vyombo, mwanangu. Nilikuwa nakaa nasubiri amalize kuosha ndipo anisalimie."

Basi miaka ikapita, baba akiahidi kuja na haji. Kila safari ina sababu yake. Siku moja mama, moyo umemjaa, akabofya kitufe na kusema maneno ambayo hakuyapima. "Usipokuja safari hii, usije tena. Hata hodi usipige. Mlango utaukuta na komeo." Ulimi hauna mfupa. Akampa dereva kaseti, na lori lilipokata kona alitamani kulikimbilia, lakini alikuwa ameshika mtoto mkono.

Kilichorudi kilikuwa sanduku la bati. Shemeji zake ndio walioliingiza ndani, wakamwambia machimbo yamemfukia mumewe, wenzake wamemkusanyia nguo zake, na hii hapa kaseti yenu. Mama aliiweka kwenye redio. Ilikuwa na sauti yake mwenyewe, maneno yale yale, kamili, bila kukatwa hata herufi. Kwa desturi yao hilo lilikuwa na maana moja, kwamba mume hakujibu. Ama alikufa kabla hajaisikia, ama aliisikia akanyamaza. Tangu siku hiyo mama hakufunga komeo tena.

Angeweza kuyazika, kama si kitu kimoja kilichomkalia rohoni. Baada ya maneno yake kulikuwa na mbofyo, ule wake wa kusimamisha mashine. Mkanda ulivumavuma kidogo, halafu ukaja mbofyo mwingine. Baada ya huo, mkanda mzima uliobaki ulikuwa kimya, ila mishindo michache ya ghafla iliyokuja pasipo taarifa. Watu walisema ni ubovu wa mkanda.

"Mbofyo wa kwanza ni wangu," mama alisema. "Wa pili ni wa nani?"

Lehemu alikua akimwona mama yake ameinamia redio, akisikiliza kimya. Watoto wenziwe walimcheka. Alipokuwa mtu mzima, na fundi, alikubali moyoni kwamba mama ana hoja: mbofyo wa pili ni wa kuanza kurekodi, asiyejua hivyo si fundi. Lakini kujua kwamba mashine iliwashwa si kujua kilichosemwa, na yeye sauti ya baba yake hakuikumbuka hata kidogo. Hakuthubutu kuigusa kaseti ile. Kila mwaka alijiambia mwakani.

Sasa masikio ya mama yakaanza kuondoka. Sauti ndogo hazisikii, na kubwa zinamchoma. Ukinong'ona anauliza "nini?", ukipaza anaziba masikio na kukukaripia usimpigie kelele. Daktari wa masikio alisema hakuna dawa, kilichobaki kitavuja taratibu kama maji ya mtungi wenye ufa. Waliporudi nyumbani mama alikaa juu ya lile sanduku la bati, ambalo siku hizi lilikaa karakana, limejaa nyaya na vipande vya redio, na ndilo kiti chake alichokipenda. Akasema bila kulia, "Nitakufa sijui kama alinisikia. Na kama alinisikia, alinijibu nini."

Lehemu alijaribu njia ya mkato kwanza. Alipandisha sauti mpaka mwisho. Ukimya ukawa mvumo mkubwa kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, kisha mmoja wa ile mishindo ukalipuka, ukapasua karatasi ya spika, na mama akashinda siku nzima na kitambaa sikioni. Haraka haraka haina baraka. Hapo ndipo alipoamua kuunda kompresa.

Fundi cherehani, mwanamke aliyepanga chumba cha upande wa pili wa ukuta, alipolisikia neno hilo aliacha kushona. "Kompresa? Unataka kujaza upepo magurudumu humo ndani?"

"Ya sauti, jirani. Sauti kubwa inaikandamiza, ndogo inainyanyua. Ni kama mama anayegawa chakula, anapunguza sahani ya mkubwa, anamwongezea mdogo."

"Kwetu mkubwa angekula na sahani yenyewe," fundi cherehani akasema, akarudi kwenye suruali yake.

Vifaa alivitoa kwenye mizoga. Kikuza sauti kilitoka kwenye redio ya gari iliyoungua. Kitaa kidogo chekundu kilitoka kwenye chaja. Kiungo chenyewe hasa, kijicho cha kuhisi mwanga, alikichokonoa kwenye taa ya nje, zile zinazojiwasha giza likiingia. Ujanja wake ni mwepesi: sauti ikiwa kubwa kitaa kinawaka, kijicho kinauona mwanga na kuipunguza sauti. Sauti ikiwa ndogo kitaa kinazima, kijicho kiko gizani, na sauti inaachiwa ipande. Alivitazamanisha viwili hivyo ndani ya ganda la kalamu ya wino, lile linaloonyesha wino ulipofikia, akaliweka ganda na vingine vyote ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko. Kosa lilikuwa hapo hapo, na hakuliona.

Alipokiwasha mara ya kwanza kilinguruma kama nyuki. Akahamisha waya wa ardhi mbali na transfoma, mngurumo ukafa. Akaweka kaseti ya mama, na lililotokea likamfanya aondoe mkono mezani. Kifaa kilikuwa kinahema. Mama wa kwenye mkanda, kijana na mwenye hasira, alisema sentensi, na mara tu akinyamaza mvumo ulivimba polepole, kisha ukatulia aliposema tena. Ilikuwa hasa kama mtu wa pili aliyekaa chumbani, anavuta pumzi kila akitaka kujibu, na kila mara anakatizwa.

Lehemu aliyajua hayo, ni maradhi ya kompresa yoyote inayoachia sauti haraka mno. Alijua, na bado damu ilimsisimka. Alisimamisha mkanda kabla haujafika kwenye mbofyo, akafungua kopo, akabadilisha kapasita, kile kidude kinachotunza umeme, na kuweka kubwa zaidi ili kiachie taratibu. Safari hii hakurudisha mfuniko. Alitaka akione kitaa kikiwaka, kwa hiyo aliiinamisha taa ya mezani hadi ikawa juu kabisa ya kopo, akauchezesha mkanda. Kuhema kuliisha. Sauti ya mama ilitoka laini, mbofyo, mbofyo wa pili. Halafu hakuna kitu. Mvumo mwembamba na mishindo iliyokandamizwa, basi. Ukimya ulibaki ukimya.

Alipima kila kiungo kwa mita. Kila kimoja kilikuwa kizima. Akatengua, akaunga, akatengua tena. Shingo ilimuuma, na yeye akiumwa shingo hasemeshwi. Mwishowe akaona afuate mafunzo ya mzee: akiache kiimbe, aende dukani kutafuta transista nyingine. Akabonyeza kaseti, akazima taa, akatoka.

Aliporudi, fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni mwake na futi ya kupimia shingoni.

"Una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Mwanamume. Nimemsikia ukutani. Kaseti ya Bibi iliponyamaza ndipo akaanza kukohoa. Halafu akaburuta kitu kizito." Akatabasamu kwa shida. "Anahama au anahamia?"

Lehemu aliingia mbio. Wazo lake la kwanza lilikuwa mwizi, na la pili lilikuwa lile komeo. Redio zote za watu zilikuwepo. Sanduku lilikuwa mahali pake, vumbi la mbele yake halijaguswa. Mama alikuwa barazani, anachambua mchele, na Lehemu alilazimika kuuliza mara mbili ndipo akasikia.

"Hakuna aliyepita," mama akajibu. "Mlango huu ninauangalia tangu wewe hujaota meno. Angepita ningemwona."

Ikatokea tena Lehemu alipokwenda kurudisha feni ya mteja. Ikatokea tena alipokwenda tu kuteka maji. Kila alipokuwa ndani, kifaa hakikutoa kitu. Kila alipotoka, fundi cherehani alisikia mwanamume akitembea. Utani ukamtoka yule jirani kinywani. Sasa alishonea nje, chini ya ukingo wa paa, akisema mwanga wa ndani haumtoshi. Mtaani maneno yakaanza, wengine wakisema Lehemu kaficha mume, wengine wakisema mengine yasiyosemwa mchana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Lehemu hakuwa mtu wa kuogopaogopa, lakini nitasema ukweli wake: alianza kuchukia kuingia karakana. Alianza kugonga mlango wa chumba chake mwenyewe.

Siku moja, jua likiwa kali na watoto wakirudi shuleni, aliamua kumvizia. Akabonyeza kaseti, akazima taa, akachukua kikapu kama mtu aendaye sokoni, akamuaga mama kwa sauti. Kisha akarudi kwa mlango wa uani, akasimama kwenye ujia nje ya karakana, nyundo mkononi. Alimsikia mama yake kijana akitoa maneno yale. Hata hodi usipige. Alisikia mbofyo. Alisikia wa pili.

Mwanamume akakohoa humo ndani.

Hakikuwa kikohozi cha mbali. Kilikuwa cha mtu aliye karibu na meza, mwenye vumbi kifuani. Nyayo zikafuata, za miguu mitupu, zikienda upande wa dirisha na kurudi. Kitu kikaburutwa sakafuni. Lehemu akausukuma mlango kwa bega. Chumba kilikuwa giza, na katika giza lile mtu aliendelea na kazi yake bila kusita. Akapapasa swichi ya taa, akaiwasha. Kimya kikaanguka hapo hapo, kitu kikiwa nusu ya kuburutwa. Kulikuwa na meza, sanduku na kaseti inayozunguka. Hapakuwa na mtu.

Alitazama nyuma ya mlango na chini ya meza. Akazima taa. Nyayo zikasikika tena, ila sasa zilikuwa zimeshasogea, kama za mtu ambaye muda wote ule alikuwa akitembea tu, asijali kama anasikiwa. Akawasha. Kimya. Akazima. Mwanamume akasafisha koo.

Hapo woga ukamshika kweli, akaketi juu ya sanduku. Na ni kwa kuketi, macho yake yakiwa sawa na meza, alipowasha taa tena akaona miale inavyoingia moja kwa moja ndani ya kopo lililo wazi na kulipenya ganda la kalamu kana kwamba halipo. Kijicho hakikujua tofauti ya kitaa na taa. Kiliona mwanga, kikadhani sauti ni kubwa, kikaikandamiza. Kila alipokifungua kukitafutia ugonjwa, ndipo kilipougua. Na kila alipoondoka na kuzima taa, kilipona na kufanya kazi aliyokiundia.

Taratibu, taa ikiwa inawaka, akalifunika ganda kwa kiganja. Chini ya kiganja chake baba yake akakohoa.

Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Hakutaka kusikia zaidi. Alikaa akilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kiasi, kwa sababu alikuwa amekaa na mtu huyo chumba kimoja siku zote hizo na yeye ndiye aliyekuwa akimzibia mdomo.

Alilizungushia ganda tepu nyeusi, mzunguko juu ya mzunguko, akarudisha mfuniko wa kopo. Kilichobaki kilikuwa kumwita mama, na hapo miguu ikawa mizito. Alimwendea fundi cherehani, akamweleza yote.

"Kwa hiyo si pepo," jirani akasema, akishusha pumzi.

"Ni baba."

Fundi cherehani alifikiri kidogo, akaona hilo halijapunguza kitu. "Na kama amemjibu vibaya? Bibi ni mzee, Fundi. Maneno mengine yanaua. Yaliyopita si ndwele, mwache aende na matumaini yake."

Lehemu alilipeleka shauri hilo nyumbani, akalitafuna wakati wa kula, akashindwa kulimeza. Mama alimtazama tu. Watu wanaopoteza masikio macho yao hunoleka.

"Umempata," mama akasema.

"Nimepata kikohozi na nyayo. Mwisho sijausikia. Mama, kama ni matusi je?"

"Ni matusi yangu. Mimi ndiye niliyeyaita. Usinihurumie, mwanangu, nimeshajihurumia vya kutosha."

Asubuhi iliyofuata mama alioga, akavaa nguo safi, akaja karakana na kuketi juu ya sanduku. Akaweka kiganja kimoja kwenye ubavu wa spika ili kile ambacho masikio hayatakidaka, mkono ukidake. Lehemu akabonyeza.

Sauti ya yule mama kijana ilianza. Mama mzee aliisikiliza bila kuinamisha uso. Yalipofika yale maneno ya komeo midomo yake ilitembea nayo pamoja, maana aliyajua kwa moyo. Mbofyo. Mbofyo wa pili. Mvumo ukapanda taratibu, kama pazia linaloinuliwa, na chumba cha mtu mwingine kikafunguka ndani ya chumba chao. Kulikuwa na kikohozi, nyayo, kikombe kikiwekwa.

"Vyombo," mama akasema, na uso wake ukawa wa msichana.

Kitu kikaburutwa. Kikafuata kilio chembamba cha chuma, kilichopanda na kuishia juu, halafu mshindo. Ulikuwa ule ule uliopasua spika, ila sasa umekandamizwa, umekuwa mshindo wa kawaida wa kitu cha kawaida. Mama aliruka kutoka juu ya sanduku kama aliyekalia kaa la moto. Akalifungua. Bawaba zikalia kilio kile kile chembamba, kikaishia pale pale juu. Akaliachia likajifunga, likatoa mshindo ule ule.

"Walisema ni wenzake waliokusanya nguo," akasema. "Ni yeye. Anapanga sanduku, mwanangu. Baba yako anafunga safari."

Wakasikiliza nguo zikikunjwa. Mtu aliyeyasikia maneno yale na kukasirika angefuta kaseti na kujibu. Huyu hakuirudisha hata mwanzo. Aliyaacha maneno ya mkewe yalivyo, akaanzia yalipoishia, akapanga nguo zake. Sanduku likafungwa, kufuli likalia. Kisha ukaja ukimya mrefu, wa kweli, na kifaa kikaunyanyua ukimya huo wenyewe hadi wakasikia pumzi. Mtu alikuwa ameisogelea mashine. Alikuwa anatafuta maneno, naye hakuwa mtu wa maneno.

"Hodi," baba akasema.

Alikuwa na sauti nyembamba kuliko Lehemu alivyoiwazia maisha yake yote, sauti ya kijana, ndogo kwa umri kuliko yake yeye mwenyewe. Ilitoka kwa mnong'ono, polepole na kwa adabu, kama ya mtu aliyesimama nje ya mlango wa watu.

Mama alikibana zaidi kiganja chake kwenye spika.

"Hodi."

Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka zake. Lehemu alimtazama mama yake, akataka kuitikia kwa niaba yake, akajua hilo si lake.

"Hodi wenyewe," baba akasema mara ya tatu, chini zaidi, karibu kukata tamaa.

"Karibu," mama akasema. "Karibu, baba. Karibu ndani."

Kwenye mkanda ikasikika pumzi, kisha mbofyo, ule ambao miaka yote ulihesabiwa miongoni mwa ile mishindo. Alikuwa amezima mashine, kama mtu aliyekwisha kupata alichokisubiri. Baada ya hapo mkanda ulikuwa mtupu kweli, na kompresa ilipoutafuta ukimya huo haikupata ndani yake hata nyayo.

Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa imesimama. Lehemu alinyoosha mkono kuondoa kaseti, lakini mama alikuwa ameshaondoa kiganja kwenye spika na kugeukia ukumbini, upande wa mlango wa mbele, uliokuwa umerudishwa tu kama siku zote. Alitazama huko, akiitikia kwa kichwa taratibu jambo ambalo Lehemu hakuliona.

"Nenda kafunge komeo," akasema.

"Mchana huu, Mama?"

"Funga, mwanangu. Ameshaingia."

Lehemu alikwenda. Komeo lilikuwa na kutu ya miaka mingi, likakataa. Akarudi kuchukua mafuta ya mashine na ile nyundo, akaligonga polepole, bila kutazama nyuma, mpaka likaingia.